Jinsi ya kusoma habari za maikroRNA na kusambaa kwa saratani ya matiti bila kuingizwa mjini

Kila baada ya muda linatoka andiko jipya kwamba maikroRNA fulani inazuia saratani ya matiti isisambae, haupiti muda unakutana na lingine linasema hiyohiyo ndo inayoisambaza. Unabaki unajiuliza nani muongo hapa. Mara nyingi hamna muongo, wote wamepima kitu cha kweli ila wamepima hatua tofauti ya ugonjwa, kwenye seli tofauti, afu kichwa cha habari kikafuta tofauti zote hizo ili kiwe kifupi. Hapa chini naeleza namna ya kuzirudisha hizo tofauti wakati unasoma. Inamfaa mwanafunzi anayeandika ripoti, muuguzi anayetaka kuelewa, hata ndugu wa mgonjwa anayekesha na simu akitafuta chochote cha kushika, na haihitaji uwe umesomea molekuli, inahitaji uvumilivu kidogo tu pale mwanzo.

Anza na kazi yenyewe ya maikroRNA

Jeni inanakiliwa kuwa RNA mjumbe, RNA mjumbe inasomwa na seli, protini inatoka. MaikroRNA ni kipande kifupi sana cha RNA, herufi (yani vijenzi vyake vidogo vilivyopangwa mfululizo) kama 22 hivi, ambacho chenyewe hakitoi protini yoyote. Kazi yake ni kwenda kushikamana na RNA mjumbe ya jeni nyingine na kuifanya itoe protini kidogo kuliko kawaida, au iharibiwe mapema. Ya kwanza inaitwa lin-4, ilipatikana 1993 kwenye mnyoo mdogo wa maabara na kundi la Victor Ambros, na mwaka huohuo Gary Ruvkun akaonyesha inavyoikamata RNA ya jeni ya lin-14. Watu wengi wakachukulia ni mambo ya minyoo tu mpaka 2000 ilipopatikana let-7, ambayo ipo kwa wanyama wengi pamoja na binadamu, hapo ndo kila mtu akashtuka. Ambros na Ruvkun wakapewa Nobel ya tiba 2024.

Utengenezaji wake upitie haraka: RNA ndefu inakatwa ndani ya kiini cha seli na kimeng'enya kinaitwa Drosha, inatolewa nje ya kiini, inakatwa tena na Dicer, afu uzi mmoja kati ya miwili unapakiwa ndani ya protini ya Argonaute ambayo ndo inazunguka nao kutafuta shabaha. Kitu cha kukumbuka hapa ni mbegu, yani herufi ya 2 mpaka ya 8 ya maikroRNA, manake hizo ndo zinaamua kwa sehemu kubwa itashika RNA gani. Herufi 7 ni chache mno, zinajirudia kila mahali, kwa hiyo maikroRNA moja inaweza kugusa mamia ya jeni, na jeni moja inaweza kuguswa na maikroRNA kadhaa.

Kutokana na hilo usitegemee inazima jeni, ni kama mtu anayepunguza sauti ya redio, muziki bado unasikika. Andiko linalosema maikroRNA moja "imeua" jeni moja na kwa hiyo saratani ikasambaa, lisome taratibu, kuna jeni nyingine nyingi zimepunguzwa wakati huohuo ambazo hazikutajwa.

Soma jina mpaka mwisho wake

Hii watu wanairuka. Jina kamili linakuwa kama hsa-miR-10b-5p. Hsa ni binadamu, ukiona mmu ni panya. MiR ni kifupi cha maikroRNA. Namba ni ya utambulisho tu, haina maana nyingine. Herufi baada ya namba inaonyesha ndugu wa karibu, miR-10a na miR-10b zimetofautiana herufi moja tu katikati na mbegu zao ni sawa, kwa hiyo kipimo kibovu kinaweza kuchanganya hizo mbili kabisa. Afu ile 5p au 3p ya mwisho inakuambia ni uzi upi, wa upande huu au wa upande ule, na nyuzi hizo zina mbegu tofauti kwa hiyo zina shabaha tofauti. Mtu akiandika "miR-200" peke yake anaongelea familia nzima ya watu watano, miR-200a, 200b, 200c, 141 na 429, na ndani ya hiyo familia kuna makundi mawili ambayo mbegu zao zimepishana herufi moja. Kwenye noti zako andika jina lote kama lilivyo. Kama andiko halisemi, andika "haijasemwa", hiyo nayo ni taarifa.

Uliza: ni hatua gani ya kusambaa?

Hapa kaa muda mrefu, ndo penye utamu wote.

Neno kusambaa linasikika kama tukio moja ila ndani yake kuna kazi nyingi tofauti. Seli inabidi ijitoe kwa wenzake ndani ya uvimbe, ipenye tishu ya jirani, iingie kwenye mshipa wa damu au wa limfu, isife humo ndani, itoke kwenye mshipa sehemu nyingine, afu ikae hapo na ianze kuota uvimbe mpya. Kwa saratani ya matiti sehemu zinazopata sana ni mifupa, mapafu, ini na ubongo. Seli nyingi zinazotoka zinafia njiani, na hata zilizofika nyingi hazioti. Kwa hiyo kitu kinachosaidia hatua ya kwanza kinaweza kisisaidie ya mwisho, au hata kikaipinga.

Chukua familia ya miR-200 uone. Mwaka 2008 makundi kadhaa yalionyesha kwamba maikroRNA hizi zinazipunguza ZEB1 na ZEB2, ambazo ni protini zinazozima E-kadherini, na E-kadherini ndo gundi inayoshikisha seli za epitheli, yani zile zinazotandika viungo, pamoja. Mtiririko wa hilo jambo uko hivi: miR-200 ikiwa nyingi, ZEB ni chache, gundi ipo, seli zimekaa pamoja hazitembei. MiR-200 ikishuka, ZEB inapanda, gundi inapotea, seli inabadilika umbo inakuwa ndefu na inatembea. Tena ZEB yenyewe inarudi kuizima miR-200, wanazimana, kwa hiyo seli inaelekea kubaki upande mmoja au mwingine. Ukiishia hapo unasema basi, miR-200 ni askari mzuri, iongezwe.

Halafu 2011 kundi la Yibin Kang pale Princeton wakaonyesha upande wa pili, kwamba miR-200 inasaidia seli kuota zikishafika sehemu ya mbali, na mojawapo ya njia ni kuipunguza Sec23a, ambayo inahusika na kusafirisha protini kutoka ndani ya seli kwenda nje, zikiwemo zile zinazozuia uvimbe usiote ugenini. Ikawa sasa maikroRNA hiyohiyo inazuia kutoka na inasaidia kuota. Hizo habari mbili hazigombani hata kidogo ukiziweka kila moja kwenye hatua yake, seli inahitaji kuachia gundi ili itoke na inahitaji kurudi kwenye hali ya kushikana ili iote. Ila ukizisoma kwa vichwa vya habari tu utachanganyikiwa, na ukijenga dawa juu ya nusu moja unaweza kufanya madhara.

MiR-10b ni mfano mwingine, na ndo iliyofungua mlango mwaka 2007 kwenye maabara ya Robert Weinberg, kazi ikiongozwa na Li Ma. Protini ya Twist inaiwasha miR-10b, miR-10b inaipunguza HOXD10, HOXD10 ikipungua RHOC inapanda, na RHOC ni ya kuifanya seli itembee. Walipoiongeza miR-10b kwenye seli za saratani zilizokuwa hazisambai, zikaanza kupenya na kusambaa ndani ya panya. 2010 kundi hilo likatumia kizuizi cha miR-10b kwa panya wenye uvimbe wa titi, na uangalie vizuri hapa, uvimbe wa kwanza haukupungua, kilichopungua sana ni vile vivimbe vya kwenye mapafu. Tena athari ilikuwa kwenye hatua za mwanzo za kusambaa, sio za mwisho. Ukiona mtu anasema kizuizi cha miR-10b "kinatibu" saratani iliyosambaa akategemea jaribio hilo, amezidisha, jaribio lilionyesha kinazuia kutoka.

Zipo zinazofanya kazi upande wa kuzuia. 2008 kundi la Joan Massagué, kazi ikiongozwa na Sohail Tavazoie, walichukua seli za saratani ya matiti zilizochaguliwa kwa ukali wa kwenda mapafuni na mifupani wakaangalia ni maikroRNA zipi zimepotea humo, wakakuta miR-335, miR-126 na miR-206. Walipozirudisha, kusambaa kukapungua, miR-335 ikipitia jeni mbili, SOX4 na tenasini C. Hapa nasifu mpangilio wao kwa sababu hawakuanza na maikroRNA wanayoipenda, walianza na seli wakauliza nini kimepotea. Mwaka uliofuata ikaja miR-31, ambayo inazuia hatua zaidi ya moja, kupenya pale mwanzoni na pia kuishi na kuota kule mbali, na hilo ni nadra kidogo.

Na kuna kundi la tatu ambalo kwangu ndo linavutia zaidi, maikroRNA zinazotumwa nje. Seli ya saratani inatoa vifuko vidogo sana vinaitwa eksosomu, ndani yake kuna maikroRNA, vinaingia kwenye seli nyingine ambazo sio za saratani. MiR-105 ikiingia kwenye seli zinazotandika mishipa ya damu inaipunguza ZO-1, protini inayoziba nafasi kati ya seli na seli, mshipa unaanza kuvuja na seli za saratani zinapita kirahisi, hiyo ilionyeshwa 2014. MiR-122 inafanya kitu cha kijanja zaidi, inazifanya seli za kawaida za kule mbali zitumie sukari kidogo ili ibaki nyingi kwa seli za saratani zitakazofika. Mzigo unaenda pia kinyume chake: kwenye ubongo, seli za astrosaiti, ambazo ni seli saidizi za ubongo, zinatuma miR-19a kwenda kwa seli za saratani zilizofika, inaipunguza PTEN, breki ya ukuaji, na seli zinaota. Kwa hiyo ukisoma kwamba maikroRNA "iko juu", uliza iko juu ndani ya nani, na ilitengenezwa na nani.

Mazoezi ninayopendekeza ni kuandika sentensi moja kwa kila andiko: maikroRNA ipi, uzi upi, imeongezwa au imepunguzwa, kwenye seli gani au mnyama gani, hatua gani ya kusambaa ilibadilika, kupitia jeni gani. Ukishindwa kujaza sehemu mbili au tatu baada ya kusoma mara mbili, tatizo sio wewe.

Seli gani, panya gani

Kuna seli mbili utakutana nazo kila mahali. MDA-MB-231 ni kali, haina vipokezi (protini zinazopokea ujumbe wa homoni) vya estrojeni na projesteroni, wala HER2 nyingi, ambayo ni protini ya kuchochea ukuaji, na miR-200 iko chini sana humo. MCF-7 ina kipokezi cha estrojeni, imetulia, haisambai kirahisi kwenye panya, na miR-200 iko juu. Zote mbili zilitoka kwenye maji ya kifuani ya wagonjwa ambao ugonjwa ulishafika mbali na zimelelewa kwenye vyombo kwa miongo mingi. Zikilinganishwa hizi mbili kila kitu kinatofautiana, sio maikroRNA moja tu, kwa hiyo andiko ambalo ushahidi wake ni "iko juu kwenye MDA-MB-231, iko chini kwenye MCF-7" halijathibitisha kitu bado, limepata pa kuanzia.

Kwa panya angalia seli zimewekwa wapi. Zikiwekwa kwenye titi la panya zinapita hatua zote, kujitoa, kupenya, kusafiri, kuota. Zikichomwa moja kwa moja kwenye mshipa wa mkia zimerushwa hatua za mwanzo, zinatua mapafuni kwa sababu huko ndo damu inapopita kwanza, na unachopima hapo ni kutoka kwenye mshipa na kuota tu. Waandishi huwa wanaita yote mawili kusambaa. Afu panya wengi wa aina hii wamepunguziwa kinga ili wasizikatae seli za binadamu, isipokuwa wale wanaotumia seli za panya wenyewe kama 4T1, kwa hiyo mchango wa kinga ya mwili hauonekani.

Na kuna kile chombo cha maabara chenye utando ambao seli zinaupenya kwa saa kadhaa ili kupima kupenya, sawa, kinasaidia, ila kumbuka seli zikiwa zinazaliana haraka zitaonekana nyingi upande wa pili hata kama hazipenyi kwa kasi zaidi. Tafuta kama wamepima na ukuaji pembeni.

Ushahidi wa shabaha usiuchukulie juujuu

Programu kama TargetScan zinatabiri maikroRNA itashika wapi kwa kulinganisha mbegu na RNA mjumbe. Ni msaada mkubwa ila ni utabiri. Baada ya hapo wanafanya kipimo cha lusiferesi, wanaunganisha kile kipande cha RNA na jeni inayotoa mwanga, maikroRNA ikishika mwanga unapungua. Kiwe na nakala nyingine ambayo zile herufi za kushikwa zimeharibiwa makusudi, na hapo mwanga usipungue, bila hiyo nakala sikubali. Hata hivyo hapo imeonyesha inaweza kushika, tena mara nyingi kiasi kilichowekwa kwenye seli ni kikubwa kuliko kilichopo mwilini. Kipimo ninachokiangalia kwanza ni cha kurudisha: kama maikroRNA inasambaza kwa sababu imepunguza jeni fulani, basi rudisha hiyo jeni uone kama kusambaa kunaisha. Kukiisha nusu, nusu nyingine iko kwenye jeni nyingine. Waandishi waaminifu wanasema hivyo.

Na pia kinyume chake, wasiongeze tu, wapunguze pia. Kuongeza peke yake kunaonyesha kinachoweza kutokea, kupunguza kunaonyesha kama seli ilikuwa inaihitaji kweli.

Ukifika kwenye sampuli za wagonjwa punguza mwendo

Uvimbe sio seli za saratani peke yake, una mishipa ya damu, seli za kinga, nyuzinyuzi, mafuta. MiR-126 ipo kwa wingi kwenye seli za mishipa ya damu, kwa hiyo uvimbe wenye mishipa mingi utaonekana una miR-126 nyingi bila seli ya saratani kuhusika. MiR-150 iko juu kwenye limfosaiti, aina ya seli za kinga. MiR-21, ambayo imeandikwa kwenye saratani karibu zote, inatoka pia kwenye seli za nyuzinyuzi zinazouzunguka uvimbe. Andiko zuri litaonyesha picha ya tishu ambayo maikroRNA imepakwa rangi uione imekaa wapi, au litatenganisha seli kabla ya kupima.

Angalia pia kama aina za saratani zimetenganishwa, zenye kipokezi cha estrojeni peke yake, zenye HER2 peke yake, zisizo na vyote peke yake. Zikichanganywa, maikroRNA inayotambulisha aina tu itaonekana kama inatabiri kusambaa, kumbe aina ndo inayotabiri. Na miR-10b ileile ya 2007, kundi lingine 2008 likaipima kwenye uvimbe za wagonjwa zaidi ya 200 na halikukuta uhusiano na kusambaa mbali. Wenye kazi ya kwanza nao walikuwa na majibu yao, ila kwako msomaji somo ni kutafuta kama kuna mtu mwingine amerudia kwenye wagonjwa wengine, kabla hujaweka hiyo sentensi kwenye ripoti.

Kwa damu kuna mtego wake. MaikroRNA zinadumu vizuri kwenye plazma, yani sehemu ya majimaji ya damu, ndo maana kila mtu anazipenda, lakini chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kuchukua damu zinamwaga miR-451a na miR-16 kwa wingi, na sampuli nzima inaharibika. Utafiti makini unalinganisha miR-451a na miR-23a-3p kuangalia hilo. Tazama na kipimo cha kulinganishia, wengi walitumia U6, RNA nyingine ndogo ya ndani ya seli, kwenye damu na U6 haitulii humo, afu kibaya zaidi wengine walitumia miR-16 ambayo ndo hiyohiyo inayomwagika. Bora wawe wameongeza maikroRNA ya mnyoo kama cel-miR-39 mapema, ionyeshe ni kiasi gani kimepotea wakati wa kuchuja.

Habari za dawa

MRX34 ilikuwa nakala ya miR-34a iliyofungwa kwenye vifuko vya mafuta, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali na jaribio likasimamishwa 2016 kwa sababu ya madhara makali ya kinga, vikiwemo vifo. Wakati huo maandiko ya miR-34a kwenye panya yalikuwa mazuri sana. Kwa miR-10b kuna kizuizi kinaitwa TTX-MC138, kimebebwa na chembe ndogo za chuma, nacho kimefika kwenye majaribio ya mwanzo kwa binadamu, hatua ambayo kazi yake kubwa ni kuangalia usalama na dozi. Ukikutana na tangazo linalouza matibabu au virutubisho vya "kurekebisha maikroRNA" kwa saratani ya matiti, hamna dawa ya maikroRNA iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu, funga hiyo peji.

Na kama umefika hapa kwa sababu ya mgonjwa, karatasi za kubeba kwenda nazo kwa daktari ni majibu ya vipokezi vya estrojeni na projesteroni, HER2, ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi za kwapani na hatua ya ugonjwa, manake matibabu yanapangwa kwa hivyo. Hata kile kipimo maarufu cha jeni 21, kinachokadiria hatari ya saratani kurudi, kinapima RNA mjumbe, sio maikroRNA. Ukiambiwa kuna utafiti wa maikroRNA unaotafuta wagonjwa, uliza sampuli itachukuliwa lini, kama majibu yatabadilisha chochote kwenye matibabu ya mgonjwa wako, na kama unaweza kujitoa katikati bila kupoteza huduma.